Nilimsomea Baba Grafu ya Nchi za Watu

Msinipe pole. Nimepewa pole za kutosha tangu tulipomzika baba, na kila moja inanichoma, kwa sababu wanaozitoa hawajui nilichofanya. Nawaambia ninyi nisiowajua. Baba yangu alikufa kwa njaa katika nyumba yenye chakula, na kosa ni langu mimi, binti yake wa kwanza, mwalimu wa hesabu!

Baba alikuwa fundi seremala katika soko la Gikomba. Viti, meza, vitanda, vyote vilivyomo kwetu hapa mtaa wa Mowlem alivitengeneza kwa mikono yake. Chai yake ilikuwa lazima itoke jikoni ikichemka, na ukipuliza yako alikuuliza kama wewe ni mtoto mchanga. Mwaka jana akaanza kuiacha ipoe. Halafu akaacha ugali, akasema ameshiba. Mwisho ikawa ni uji tu, na hata huo aliumeza akiwa amefumba macho.

Hospitalini walimpitisha kamera kooni. Wakasema ni kansa, iko kwenye umio, ile njia ya chakula. Wakatupa tarehe ya kurudi, aonwe na madaktari wa kansa na kupangiwa matibabu.

Jumapili kabla ya tarehe hiyo tukaketi kama familia. Alikuwepo mama, ndugu yangu anayefanya kibarua viwandani, Industrial Area, baba mdogo aliyetoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga, na baba mwenyewe kwenye kiti chake. Baba mdogo hakutaka habari za hospitali. Alisema kansa ikiguswa na kisu inakasirika. Mama akasema twende. Wakabishana weee, mpaka baba mdogo akanigeukia.

"Mwalimu, si wewe ndio umesoma? Tuambie, hii kitu inapona ama haiponi?"

Na mimi, kwa kupenda kuulizwa, nikatoa simu!

Nikapata ukurasa unaolinganisha nchi. Zilikuwa nchi tajiri, zile tunazozisikia kwenye habari, na kando ya kila moja mstari wa kuonyesha wangapi kati ya kila mia waliopata kansa ya umio walikuwa hai miaka mitano baadaye. Mistari ilikuwa mifupi. Mifupi jamani! Nikaizungusha simu wote waone. Nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani, "Hawa wana mashine zote na madaktari wote, na angalieni. Sasa sisi ni nani?"

Mama akajifunika uso kwa leso. Baba akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama alivyofanya akikagua ikiwa ubao umenyooka.

"Kenya iko wapi hapa?"

"Haiko, baba. Hawakuiweka."

"Basi hawajanihesabu," akasema, akanirudishia simu.

Tulicheka. Mimi nilicheka! Nilidhani mzee anatania, kumbe ndiye mtu pekee mle ndani aliyekuwa ameielewa ile grafu.

Baba mdogo akafunga kikao kwa maombi. Ikaamuliwa kwamba baba hatarudi hospitali kuteswa bure. Atapumzika nyumbani, aombewe. Baba akasema kama watoto wameonelea hivyo, sawa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ubaya wangu hasa unaanzia hapa. Nilikwenda jikoni kupika chai. Nikisubiri maziwa yachemke, nikaushusha ule ukurasa, na chini nikakuta grafu nyingine. Nchi zilikuwa zilezile, lakini miaka ilikuwa ya karibuni. Nikarudi juu haraka kuitazama ile niliyowasomea. Ilikuwa ya zamani, ya wakati mimi nikiwa bado naenda nasari. Na katika ile ya chini mistari ilikuwa imerefuka. Si mirefu sana, siwadanganyi, lakini imerefuka karibu kila nchi. Watu walikuwa wanajifunza kuitibu, miaka ikienda, na mimi nilikuwa nimemhukumu baba kwa hesabu za enzi hizo!

Mimi nafundisha grafu. Kitu cha kwanza ninachowaambia wanafunzi ni wasome miaka kabla ya kutazama mistari. Huwa nawapigia kelele kwa kosa hilo hilo!

Kutoka sebuleni nikamsikia baba mdogo akinisifu. "Huyu msichana ana kichwa. Ametutoa kwa giza." Kati ya jikoni na sebule yetu ni pazia tu. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: ngojeni, nimekosea. Nikaona aibu. Mwalimu mzima, hajui kusoma grafu? Nikaizima simu, nikamimina chai, nikawapelekea.

Na si aibu tu, wacha niyatoe yote. Nilikuwa naogopa hospitali. Niliogopa zile foleni, ile harufu, na kumwona baba akivuliwa shati mbele ya watu. Ile grafu ya zamani ilinipa ruhusa ya kukaa bila kufanya lolote, na nikaichukua mbio. Mtu mwoga akipata kisingizio chenye tarakimu anajiona mwenye busara. Nikaenda hata kazini siku ya ile tarehe, nikasahihisha vitabu hadi saa kumi.

Baada ya wiki chache baba hakuweza kumeza hata maji. Ndugu yangu akambeba mgongoni hadi barabarani, tukamrudisha hospitali ileile. Daktari, dada wa rika langu, akatazama faili, akatazama tarehe, akanitazama mimi.

"Nani aliwaambia msirudi?"

Nikamwonyesha ule ukurasa. Aliusoma wote, juu hadi chini, jambo ambalo mimi sikulifanya kwa ajili ya baba yangu mzazi. Akanirudishia simu kwa hasira.

"Hao ni watu wengi wa mbali," akasema. "Mimi hapa nilikuwa nangoja mgonjwa mmoja. Siwezi kukuambia angepona. Lakini tungemwekea mrija kwa umio, njia ifunguke. Angekula."

Angekula! Na sasa, akasema, amedhoofika mno, hatuwezi.

Siku zake za mwisho baba alimwomba mama akaange samaki, asikie harufu tu. Mama akakaanga. Tukaketi hapo, sahani imejaa, hakuna aliyeigusa.

Baada ya mazishi nilimwambia ndugu yangu ukweli. Akasimama. "Si ungesema tu, sista! Hata kama ni aibu, si ungesema tu!" Akatoka, na hadi leo hapokei simu zangu. Mama hajui. Baba mdogo bado anawasimulia watu jinsi hesabu zilivyokuwa mbaya, na nikimsikia natamani kumrushia kikombe, halafu nakumbuka nani alimpa hizo hesabu.

Wewe unayeitwa msomi wa familia, wewe wa kutoa simu kila kikao, ninakuambia kwa ukali kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Soma miaka. Soma hadi mwisho. Halafu iweke hiyo simu chini, umpeleke mgonjwa wako siku aliyoitwa, hata kama ni ili aweze kumeza tu! Na ukigundua umekosea, toka jikoni ukaseme. Maziwa yakimwagika, yamwagike.

Kiti chake bado kiko sebuleni na hakuna anayekikalia. Baba alisema hawajamhesabu, na ilikuwa kweli. Ni mimi niliyemhesabu, nikamweka upande wa wafu, naye alikuwa hai, ameketi hapo mbele yangu akingoja chai yake ipoe.