Mafuta ya Maua na Barafu ya Samaki

Siku moja ya ujana wangu hainitoki akilini, mwanangu: siku niliyoshuka kutoka Maseno hadi ufuoni Kisumu kutafuta barafu ya samaki ili niokoe mafuta ya maua. Cheka tu, hata mimi nikikumbuka hucheka.

Nilikuwa mwanafunzi wa kemia, na mwalimu wangu alikuwa Daktari Awuor, mama wa sauti ya chini. Msimu mzima tulikuwa tumekusanya mbegu za ua moja linaloota kando ya vijito. Maganda yake ukiyagusa hupasuka na kurusha mbegu kote, kwa hiyo tuliyavisha vifuko vya kitambaa mapema. Tulizisaga mbegu, tukazitoa mafuta, na ndani ya mafuta hayo tukatenga asidi moja ya ajabu. Ukiimulika kwa taa ya miale isiyoonekana kwa macho, inang'aa buluu. Kwa mng'ao huo wataalamu huchunguza mafuta yaliyo katika kuta za chembe za mwili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii yetu huoza, tena upesi! Hewa ni adui yake, mwanga adui, joto adui. Tuliitia katika vichupa vya rangi ya kahawia, tukapuliza gesi ya nitrojeni kufukuza hewa, tukaziba, tukaviweka kwenye friji ya kugandisha.

Ndipo ikaja mvua ya radi, stima ikapotea. Asubuhi friji ilikuwa inatoa jasho, na tukaambiwa tungoje hadi jioni. Maua yalikuwa yamekwisha. Mafuta yakiharibika, masomo yangu yangesubiri mvua za mwaka mwingine.

"Barafu na chumvi," Daktari akasema. "Vikichanganywa, baridi yake huishinda barafu tupu. Nenda ufuoni."

Nilimwendea Mama Atieno, muuza samaki niliyezoea kununua kwake. Alinisikiliza mkono kiunoni.

"Nyathina," akaniita, mwanangu kwa Kijaluo, "barafu yangu ikalale na maua?"

"Mama, nisaidie. Nikichelewa nimekwisha."

Akawaita wenzake. Kila mmoja akachota kidogo kwenye sanduku lake, mpaka langu likajaa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Siku hiyo ziliniwashia baridi.

Niliporudi Maseno tulivifukia vichupa katika barafu na chumvi, tukafunika. Lakini moyo haukutulia. Nikafunua nichungulie. Nikafunika. Nikafunua tena.

"Binti yangu, unatafuta nini humo?" Daktari akauliza.

"Nahakikisha kama baridi bado ipo."

"Kila ukihakikisha, unaitoa. Tuliziba vizuri au hatukuziba?"

"Tuliziba."

"Basi kaa unywe chai."

Nilikaa, nikaona haya, nikanywa. Chai yenyewe, niseme kweli, sikuionja.

Stima ilirudi jioni. Tukatoa kichupa kimoja, tukakimulika. Buluu! Daktari Awuor, mama asiyepaza sauti, akapiga vigelegele hadi walinzi wakaja mbio. Kwa mafuta yale nilimaliza masomo. Baadaye nilimleta Mama Atieno aone. Akatazama, kisha akasema, "Kumbe hiki ndicho nilichokihifadhi," na akatembea kifua mbele siku nzima.

Mwanangu, tangu hapo nimeolewa, nimelea, nimefundisha. Nimeona mapenzi yakipoa kwa sababu mtu anapekua simu ya mwenzake kila asubuhi. Nimeona mzazi akimchosha mtoto kwa kumpima kila saa. Jambo jema liandae kwa bidii, lizibe vizuri, kisha liamini. Subira si uvivu. Ni kazi inayofanywa kwa kukaa. Na ukipatwa na shida, usione haya kuomba msaada, maana wenye kukusaidia huenda wasikijue unachokihifadhi, lakini wanakujua wewe.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe mikono isiyochoka kuandaa mema, akupe majirani wenye roho ya kuchota, na ukishamaliza kazi, akupe usingizi mtamu.