Daktari Anataka Sauti ya Baba kwenye Simu

(Barua hii imetufikia kutoka Tarime. Majina yote yamebadilishwa, na jina la mwenyewe tunalijua sisi tu.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, Mkurya. Nilisoma misheni hadi darasa la nne, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nimeolewa, ila nimeolewa na mwanamke. Ninyi wa mbali msicheke kwanza. Kwetu mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamume anayempa msichana huyo mimba hana chake pale. Aliyenioa nitamwita Mama Nyangi. Ni mjane, alinitolea karibu ng'ombe wote aliokuwa nao, na hajawahi kuniinulia mkono. Mwanangu nitamwita Chacha. Kina Chacha huku wamejaa, hatajulikana.

Chacha ana miaka mitano. Alianguka machungani, mguu ukavimba chini ya goti, ukapasuka, na mpaka leo unatoa usaha. Mganga wa zahanati alisema mfupa unaoza, tumpeleke Musoma kwa daktari anayepasua. Tukapanda lori la pamba mimi na Mama Nyangi, mtoto akilia kila lori liliporuka shimo. Mlangoni pa hospitali tukarudishwa. Karani alisema anayetaka kupasuliwa hupiga simu kwanza apewe siku, na simu hiyo hupokelewa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, asubuhi tu. Nilimwambia mgonjwa ndiye huyu hapa, mtazame. Akasema, "Mama, utaratibu ni simu."

Basi nikawa mtu wa simu. Huku kwetu ninayoweza kuifikia ni ile ya dukani kwa Mzee Salimu, mfanyabiashara aliyetoka pwani zamani. Unafika alfajiri, unakaa kwenye magunia, anazungusha mkono wa simu, anaambiwa laini ina watu. Anazungusha tena. Mwezi wa kwanza mvua ilinyesha, simu ikafa, nikarudi nyumbani nimelowa. Mwezi uliofuata nikampata karani mwenyewe. Huwezi kunong'ona kwenye simu ile, lazima upige kelele, na duka zima lilinyamaza linisikilize.

"Baba wa mtoto ni nani?"

"Hana. Nimeolewa na mama."

"Umeolewa na nani?"

"Na mama. Alitoa ng'ombe."

"Dada, simu hii ni ya wagonjwa," akasema, akakata.

Nilimweleza Mama Nyangi, akakasirika kuliko nilivyomwona siku zote. Mwezi uliofuata akaja mwenyewe, amevaa shuka lake la kanisani. Alikuwa hajawahi kushika simu maishani. Alisimama wima, akapaza sauti, "Shikamoo, daktari. Mimi ndiye baba wa Chacha. Nimekubali mumpasue mguu." Karani akacheka, nikasikia anamwita mwenzake aje asikilize. Kisha akasema, "Bibi, sauti ya baba unayo, ila daktari anataka baba mwenye ndevu." Watu wa dukani wakacheka nao. Mama Nyangi akakiweka kile chombo juu ya meza taratibu, akatoka nje.

Mzee Salimu aliona aibu kwa niaba yetu. Pale pale akampigia tena karani na kumwambia, "Bwana wee, kwetu husema kitanda hakizai haramu, mtoto ni wa mwenye nyumba. Mila ya hawa ndiyo hiyo, mpe mtoto siku." Karani akajibu kwa upole safari hiyo. Alisema mwaka juzi mtoto alifia kisuni, baba akaja na panga akidai hakuulizwa. Tangu hapo daktari anataka baba akubali kwa sauti yake kwenye simu, kisha mtu huyo huyo amlete mtoto na kuweka dole gumba. Nilimwomba Mzee Salimu ajifanye baba. Akasema, "Binti yangu, karani ananijua. Na mtoto akifa, nitamwambia nini Mungu?"

Amebaki Marwa. Ndiye niliyezaa naye. Ana mke na mabinti watupu. Nilipomfuata hakusitasita, alisema atakuja Alhamisi. Halafu akaniangalia. "Lakini sitasema kwa kuigiza. Nikisema mbele ya watu kwamba ni mwanangu, ni mwanangu. Akipona atakuja kwangu." Na wazee watamsikiliza, maana duka zima litakuwa shahidi.

Nilimwambia Mama Nyangi ukweli wote. Alikuwa anamwosha Chacha mguu kwa maji ya chumvi, kazi ambayo hajaniachia hata siku moja. Hakunikataza. Alisema, "Mpeleke. Ila nyumba yangu itakuwa imefungwa, na ng'ombe wangu nitakuwa nimewatupia fisi." Akaendelea kuosha, machozi yakimdondokea mikononi.

Nimechoka, ndugu zangu. Namchukia karani, naichukia simu, na Marwa namchukia kwa kuwa anaweza kumwokoa mwanangu kwa maneno matatu. Leo asubuhi Chacha alinifurahisha. Aliniambia mguu hauumi tena. Nikakimbia kumwambia mganga wa zahanati, akaacha kazi yake akanikalisha chini. Alisema mguu kama ule ukiacha kuuma ndipo umezidi kuharibika.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa kwenye magunia ya Mzee Salimu. Nikimruhusu Marwa aseme, mwanamke aliyenifanya mtu nitakuwa nimemnyang'anya mtoto. Nikimzuia, huenda sote tukabaki na kaburi. Mama Nyangi amesema atanisindikiza, akae pale pale asikie. Nishaurini, wenzangu mliozaa na mliolelewa, nifanye nini?