Albamu Iliyosifiwa Yote Isipokuwa Gitaa la Mzee Elieza

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo sijaweza kuitoa kichwani. Nitakusimulia ilivyokuwa, hata kama inanichafua. Nakuandikia wewe unayepiga gitaa, unayeimba, au uliye na kikundi chochote kinachosikilizwa na watu.

Kwanza unijue. Mimi shule niliishia darasa la tano, na sioni aibu kusema. Leo hii kwenye milima yetu, ukitaka muziki wa harusi au wa mkutano wa injili, utapita kwangu tu. Spika zangu zinafanya kazi Lushoto, Soni, Bumbuli, mpaka Mombo kule chini kwenye joto. Wenye vyeti nimewaajiri mimi. Sikurithi hata waya mmoja. Nakwambia hayo ujue kwamba anayekushauri si mtu aliyeshindwa na maisha. Nimeyashinda mengi, moja tu ndilo lililonishinda.

Nilipokuwa na miaka thelathini na kidogo nilikuwa mwimbaji, na nikafanya jambo ambalo huku hakuna aliyewahi kulifanya. Niliwakusanya wapigaji bora kutoka bendi za watu, nikawafanya bendi yangu moja. Kassimu wa dramu nilimtoa Muheza. Rajabu wa besi nilimtoa Mombo. Gitaa la solo nilimpa Mzee Elieza wa Mgwashi, mkulima wa miaka sitini na ushee, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye bendi za dansi za Tanga kabla ya kurudi nyumbani kulima. Tulipiga bluzi na roki, muziki mzito wa magitaa ya umeme, unaokwenda taratibu halafu unalipuka. Watu walikuwa wamezoea kwaya na bongofleva. Mzee Elieza akivuta uzi mmoja tu, mtu aliyefiwa miaka kumi iliyopita alikuwa analia upya. Sikutilii chumvi.

Kurekodi tulishuka Muheza. Studio tulipewa siku moja, na jioni ileile Kassimu alitakiwa kupanda basi la bendi yake ya zamani, aliyokuwa bado anaipigia. Mzee Elieza kwa kuiheshimu kazi alikuwa amefunga nyuzi mpya alfajiri, nyumbani kwake Mgwashi, kwenye ile baridi ya kugonganisha meno. Sasa nyuzi mpya zenyewe hulegea. Ukizitoa kwenye baridi ya mlimani ukaziingiza kwenye joto la Muheza, zinashuka huku unapiga. Tulifika mchana, tumechelewa. Mzee akaniita pembeni.

"Nyuzi hazijatulia," akasema. "Niachie nusu saa zishike joto la humu, nizivute vizuri, ndipo tuanze."

"Mzee wangu, Kassimu anaondoka. Kaza hivyohivyo twende."

"Kukaza nitakaza. Zitashuka katikati ya wimbo."

"Nani atasikia?"

Akaniangalia kama vile nimemwambia jua halichomozi. "Watu wa kwetu? Watasikia wote."

Na alijua anachosema. Kule kwetu kila usharika una kwaya na matarumbeta yake, na mtoto anaitambua sauti iliyoshuka kabla hajajua kusoma. Hata mimi nimelelewa humohumo. Lakini nilikuwa na haraka, tena nilikuwa bosi. Tukapiga nyimbo nane. Kila tulipofika kwenye solo, gitaa la mzee lilikuwa limeshuka kidogo chini ya besi. Mara mbili aliomba turudie. Mara mbili nilimkatalia.

Albamu ikatoka. Siku ya gulio nikapandisha spika kwenye pikapu pale Soni, nikaifungulia. Watu wakajaa. Rajabu alipoingia na besi, mama mmoja wa kabichi akashika kifua, "Jamani, hiyo inanigonga mpaka kwenye mbavu!" Nikavimba kichwa. Kisha solo ikaanza, nami nikamwona mama yuleyule anakunja uso kama ameuma ndimu.

"Huyo wa gitaa jino linamuuma?" akauliza.

"Babu, kaza kamba, mbuzi anatoroka!" akadakia kijana wa bodaboda, na soko zima likacheka.

Kabla wiki haijaisha ikawa msemo wa mizaha. Mtu akifunga mzigo ukalegea, wenzake wanamwambia amefunga kama Elieza. Jina la mtu mzima, mwanangu, likawa jina la kamba mbovu. Mimi nilikuwa nayasikia hayo nikipita, na nikaendelea kupita.

Ndipo ikaja hiyo Jumamosi. Redio moja ya mkoani ilikuwa na kipindi cha mchana cha kuchambua albamu mpya, na wasikilizaji walituma ujumbe kwa simu. Mtangazaji alikuwa dada mmoja mkali, asiyempamba mtu. Akaniita studio. Nikatuma salamu Mgwashi wote wasikilize. Kumbe kule kwa Mzee Elieza majirani walikusanyika uani, wakamzunguka yeye na redio yake, naye amevaa koti lake la kanisani.

"Nyimbo zimetungwa na mtu anayeujua uchungu," dada akasema. "Besi na dramu, mimi binafsi sijasikia bendi ya mkoa huu ikipiga hivi. Sasa tuje kwenye solo. Simu yangu imejaa. Huyu anasema, sauti tamu, gitaa chungu. Huyu anasema, mwambieni babu apumzike. Kiongozi wa bendi, kulitokea nini?"

Wasikilizaji hawakukosea, na dada hakukosea. Gitaa lilikuwa limeshuka, wao wakasema limeshuka. Sababu ndiyo hawakuijua, na aliyeijua alikuwa amekaa mbele ya kipaza sauti. Maneno matatu yalitosha: mimi ndiye niliyemharakisha.

Nikacheka. Nikasema, "Dada, mzee wetu ana umri. Masikio nayo yanachoka kama magoti. Albamu ijayo tutaweka kijana."

Yaliyotokea uani nilielezwa baadaye na mkewe, Mama Naomi. Majirani wote walitazama chini. Mzee akainuka, akazima redio, akawaambia, "Chai ipo, msiondoke." Tangu siku hiyo hakushika gitaa tena, hata la kanisani. Kwaya wakimwomba awapigie, anawajibu kwa upole kabisa kwamba masikio yake yamechoka, kama alivyosema kiongozi.

Mimi je? Nikaweka kijana. Albamu ya pili ikasifiwa mwanzo mpaka mwisho, na huu ukubwa wangu unaouona ulianzia pale. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo nikapanda Mgwashi. Nilimkuta shambani, anapalilia maharage.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alinawa mikono, akaniketisha, akauliza hali ya mama yangu. Hakuonyesha kinyongo hata kidogo, na hilo lilinitesa kuliko matusi. Nikaanza kuzungukazunguka, mara hali ya hewa, mara bei ya viazi. Akanikata.

"Siku ile Muheza, ulinisikia nikiomba nusu saa?"

"Nilikusikia, mzee."

"Kassimu na Rajabu walikuwa wanashughulika na vyombo vyao, hawakusikia. Tunaojua ni mimi na wewe. Mimi nikiondoka utabaki nalo peke yako, na utatamani mtu wa kukusaidia kulibeba. Kaliseme kulekule ulikosemea. Mimi bado nasikia vizuri tu."

Nikaapa mbele yake kwamba nitakwenda. Wiki ile nilikuwa na harusi Lushoto. Iliyofuata nilikuwa na tamasha. Usidhani redio ilifungwa. Yule dada aliniita mara mbili kuzungumzia albamu mpya, na mara zote mbili nilizungumzia albamu mpya.

Mzee Elieza alifariki miezi ya baridi. Pale kaburini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni waliosimama nyuma. Mzee wa kanisa akasoma wasifu wa marehemu, akafika mahali palipoandikwa kwamba alikuwa mpigaji gitaa hodari hadi masikio yake yalipomwacha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyojua. Kisha wakaniita niseme neno kwa niaba ya wanamuziki. Nilisimama mwanangu, mtu mzima na suti yangu. Nikasema marehemu alikuwa mcheshi, nikatoa rambirambi, nikarudi kukaa.

Baada ya maziko, Mama Naomi aliniletea sahani ya chakula kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, baba," akasema. "Yeye aliniambia utakwenda kusema. Kila Jumamosi mchana alikuwa anaiwasha ile redio. Hata alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, alikuwa ananiuliza kama Jumamosi imefika."

Chakula kile sikukimaliza.

Mwezi uliofuata nilikwenda redioni, nikalisema lote, bila kujitetea. Dada yule alikuwa ameshahamia kwingine. Kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza hewani, "Samahani mzee, huyo Elieza alikuwa nani?"

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kazi yako ikisifiwa, utagawana sifa na wenzako bila shida, hilo halihitaji kufundishwa. Ikipondwa, usimtafute wa kumsukumia, hata akiwa mzee, hata akiwa amenyamaza. Msikilizaji hakuwepo mlipokuwa mnarekodi, na ana haki ya kusema anachosikia. Wewe ulikuwepo. Kama kosa ni lako, lisemee palepale jina la mwenzako lilipotajwa, siku hiyohiyo, na haohao wakisikia. Usingoje harusi ziishe. Harusi haziishi. Na mtu mzima akikwambia niachie muda kidogo, mwachie, basi lako lipite.

Nenda sasa. Mungu aipe kazi yako masikio ya watu wengi. Akupe wenzako wanaokwambia ukweli pembeni, na wewe akupe moyo wa kuwasikiliza. Siku utakapomkosea mtu, akufungue kinywa mapema, yule uliyemkosea angali hai na redio yake iko wazi. Amina.