Sifuri ya Ikombe

Asubuhi ile Dorothea alichoka kabla kompyuta haijamaliza kuwaka. Kyela ina joto lake, joto lenye maji ndani, na mwezi wa tano mvua hunyesha mpaka kuta za ofisi zinaota ukungu. Lakini uchovu wake haukutokana na joto wala mvua. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyejifunza kazi ile ile mara tatu. Alianza kuchora majengo kwa kalamu na rula, msichana mbichi aliyetoka Bukoba. Akafundishwa kuchora mistari kwa kompyuta. Mistari nayo ikapitwa na wakati, na sasa, mvi zimeshaanza kuchungulia, makao makuu ya kampuni huko Mwanza yametuma programu tatu mpya azilinganishe, ili ichaguliwe moja ya kutumika kwenye matawi yote.

Programu hizi hazichori mistari. Zinajenga jengo zima ndani ya kompyuta, ukuta ukijua kwamba wenyewe ni ukuta na umebeba tofali ngapi, mlango ukijua unafungukia upande gani. Ukisogeza dirisha moja, michoro yote inajirekebisha. Jambo jema, nani atakataa? Ila anayetakiwa kujifunza zote tatu kwa mpigo, umeme ukikatika na kurudi unavyotaka, ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa yeye.

Hakulalamika, kwa sababu moja. Tawi la Bukoba lilikuwa na nafasi wazi, na nafasi hiyo ilikuwa yake mradi aikabidhi kazi hii ikiwa imekamilika kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Baada ya hapo wangemchukua mwingine. Huko Bukoba alikuwapo mama yake, peke yake, macho yakififia mwaka hadi mwaka. Kila Jumapili alipopiga simu, kikongwe yule hakusubiri hata salamu ziishe. "Unakuja lini?" Dorothea alikuwa amelijibu swali hilo kwa uongo mtamu wa kila aina, na safari hii, kwa mara ya kwanza, alijibu kweli: "Mwezi wa sita, Mama."

Dainess, katibu wa ofisi, mtu asiyeweza kuishi na kitu bila kukipa jina, alizibatiza programu zile siku ya kwanza. Ya kwanza aliiita Bibi Harusi. Ilipendeza hiyo! Jengo lilitoka na vivuli vyake, na maua barazani. Lakini ilikuwa na madeko. Kila mara ilitaka mtandao ili ithibitishe leseni yake, na mtandao ukigoma, nayo inagoma. Tena ukiipa barabara au mteremko wa ardhi, ilichanganyikiwa kama mgeni aliyeteremshwa kituo sicho. Ya pili aliiita Katapila. Hiyo ilijua barabara, makalavati, mitaro na milima. Uso haikuwa nao. Nyumba kwake ilikuwa sanduku. Na ilikuwa na maswali! Haikukubali kuanza kazi mpaka imekuhoji. Ya tatu, ya bure, aliiita Mtumba. Ilikwenda polepole na kuhema, lakini ilifanya kazi kwenye kompyuta kuukuu, haikudai leseni, na faili zake zilifunguka kwenye zile nyingine mbili bila ugomvi.

Ili alinganishe kwa haki, Dorothea alizipa zote kazi moja: zahanati ya Ikombe, kijiji cha ng'ambo ya Matema kinachofikiwa kwa mtumbwi, pamoja na gati dogo na ngazi za kupandishia wagonjwa kutoka ziwani. Jengo na miundombinu kwa pamoja. Kazi ile ilikuwa ya kweli, si ya majaribio. Wafadhili walikwishakubali, na fundi angeanza kuchimba msingi ziwa likirudi nyuma, mwezi wa kumi na moja.

Siku alipounganisha zahanati ya Bibi Harusi na mteremko wa Katapila, Dainess alicheka mpaka akakaa chini. Ardhi na ziwa vilikuwa juu huko, na zahanati ilikuwa imezama chini kabisa, mamia ya mita chini ya ziwa, na maua yake barazani.

"Dada Dorothea, hiyo ni ya kutibu samaki!"

Dorothea naye alicheka, ingawa kicheko kilikuwa cha nusu. Alijua sababu. Katapila ilihesabu mwinuko kuanzia usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko juu sana ya bahari. Bibi Harusi ilihesabu kuanzia sifuri aliyoipa yeye mwenyewe. Katapila ilikuwa imemwuliza siku ile ya kwanza: sifuri yako ni ipi, na imepimwa kutoka wapi? Umeme ulikuwa umetoka kurudi, jasho linamtiririka mgongoni, na chini ya swali kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "ruka". Akakibonyeza. Sasa akaishika zahanati kwa kipanya, akaivuta juu hadi sakafu ikae vizuri kwenye mteremko, kiasi cha goti kutoka majini. Ikapendeza. Akaendelea.

Na sifuri yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka ziwani. Mafundi wa mwambao ule husawazisha msingi kwa mpira mwembamba uliojaa maji, na husema maji hayasemi uongo. Wapimaji wa ofisi waliichukua imani hiyo nzima nzima. Kule Ikombe hakuna jiwe la upimaji karibu, kwa hiyo Dorothea na wenzake walifanya walivyozoea: walishuka kwenye mtumbwi, wakaweka ubao wa kupimia pale maji yanapogusa mchanga, wakaandika sifuri. Ni kweli maji hayasemi uongo kuhusu usawa. Kuhusu kukaa mahali pamoja, hayajawahi kumwahidi mtu.

Alirudi Ikombe wiki ya mwisho ya kazi ile, kupiga picha tu za kupambia taarifa yake. Mwanamke mmoja mfinyanzi, Felista, alimpokea ufukweni kwa salamu ya kwao, kwa kuwa walijuana tangu wakati wa upimaji.

"Ugonile, mama. Umeleta mvua."

"Mvua nimeikuta kwenu," Dorothea alijibu.

Alinunua chungu kwa ajili ya mama yake, chenye tumbo pana na mdomo uliochorwa mistari myekundu. Felista akamwagiza asikiwekee maharage kwanza. Akipikie uji, kinywe, vitundu vyake vizibe. "Ndaga," Dorothea alishukuru kwa lugha ya pale, akakifunga kwenye khanga. Kisha akaenda kutafuta vigingi walivyopigilia siku ya kupima, ili avipige picha.

Viwili vya juu vilikuwepo nyasini. Viwili vya chini, vya upande wa wodi ya wazazi, havikuonekana. Alidhani watu wamevichomoa wakavifanya kuni. Akasogea mpaka mwisho wa majani, na hapo akakiona kimoja: ncha yake nyekundu ndani ya maji, wimbi likipita juu yake na kurudi. Viatu vyake vilikuwa vimeshalowa kabla hajaelewa anachokitazama.

Walipima mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliopita, ziwa likiwa chini kuliko wakati wote wa mwaka. Sasa maji yale aliyoyaita sifuri yalikuwa yamepanda na kuipita sakafu ya zahanati.

Alisimama pale akajisikia mjinga, na nyuma ya ujinga ule akasikia hasira, na nyuma ya hasira akasikia kitu kibaya zaidi: hesabu. Fundi atachimba kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu. Jengo litaisha, litazinduliwa, watu watapiga makofi. Maji yatakuja baadaye, na yeye atakuwa Bukoba.

Mhandisi Erick, mkuu wa tawi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka pia, na mtu aliyechoka hupenda njia fupi. Alimsikiliza hadi mwisho, akajifuta jasho.

"Dada, wewe umeagizwa ulinganishe programu. Zahanati ni mfano tu. Andika Bibi Harusi, wakubwa wameshaipenda picha yake. Mambo ya ziwa tutayarekebisha baadaye, sisi wenyewe."

"Nani atayarekebisha, Injinia?"

Erick alitazama nje, mvua ikipiga bati.

"Ukiandika hayo, kazi inarudi mwanzo," alisema. "Jengo lipande juu, kwenye mihogo ya watu. Kijiji kikae kikao upya, tupime upya, tuchore upya. Na aliyeianza ndiye ataimaliza, maana mwingine sina. Bukoba hawatakusubiri. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Aliandika taarifa mchana ule, kwa uchovu, bila maneno ya kupamba. Kwamba Bibi Harusi ni nzuri kwa majengo na kwa kuonyesha wageni. Kwamba Mtumba inafaa ofisi zenye umeme wa mashaka. Kwamba yeye anapendekeza Katapila, pamoja na ubaya wa sura yake, kwa kuwa ndiyo pekee iliyomwuliza sifuri imetoka wapi, na kwamba aliyeliruka swali ni yeye. Zote tatu ziliamini zilichoambiwa. Akaweka jina lake, akatuma, akaenda nyumbani akalala na viatu.

Jumapili alipiga simu.

"Unakuja lini?"

"Si mwezi wa sita tena, Mama."

Dorothea akaanza kueleza kuhusu ziwa, kigingi na wodi ya wazazi, maneno yakimponyoka, sauti ikikatika, maana alikuwa analia sasa na hakuona haja ya kuficha.

"Kwa hiyo ulipima vibaya," mama yake alisema.

"Nilipima vibaya."

"Basi kapime vizuri. Hao wazazi wasijifungulie majini." Akakohoa kidogo. "Na kile chungu ulichosema?"

"Kipo. Nimekifunga, nitakuja nacho."

"Kifungue," mama alisema. "Kipikie wewe. Mimi hata kukiona sasa sitakiona vizuri."

Simu ilipokatika, Dorothea aliinuka kitandani. Kisha akaifungua khanga, akakiosha chungu, akakiweka jikoni kwenye moto mdogo na maji na unga. Akasimama anakoroga uji ambao hakuwa na njaa nao, akingoja chungu kinywe.