Mwanachama Hai

Nianze na jambo ambalo hakuna anayelibisha: mtaa huu mzima hauna kinyozi kama mimi. Kama yupo, bado hajazaliwa, na mama yake bado hajapata mchumba. Shule niliacha darasa la sita, sikurudi hata kuchukua daftari, lakini profesa akikaa kwenye kiti changu anainamisha kichwa kama mtu mwingine yeyote. Ila habari hii si yangu. Ni ya jirani yangu tunayemwita Mihuri, na mimi nimo kwa sababu ya mdomo wangu.

Mihuri anachonga mihuri ya mpira. Kibanda chake na changu vimegusana ukuta kwa ukuta, na chake ni kidogo kiasi kwamba akitaka kupiga chafya inabidi afungue mlango. Ana meza, taa, wembe aliouzungushia uzi wa kushikia, na vipande vya mpira rangi ya maini. Herufi anazichonga kinyumenyume ili zikigonga karatasi zisomeke sawa. Zahanati, shule, gereji, mawakili, wote mihuri yao imetoka kwenye mkono wake wa kushoto. Miaka thelathini na nne sasa. Akikaa kwenye kiti changu anasoma gazeti la mtu aliye nyuma yake kupitia kioo, bila kukwama hata neno moja.

Kosa lake hapa duniani ni moja tu, Nyuki.

Hapa kwetu kuna timu mbili. Kuna Chuma, timu ya watu wenye akili, ambayo ndiyo yangu, halafu kuna Nyuki. Chuma ina mwenyewe: tajiri wa saruji aliinunua, na tangu hapo makombe tunaokota kama embe za upepo. Nyuki ni ya wanachama. Kila mmoja kura moja, awe na ghorofa au banda la kuku. Mwenye kadi iliyo sawa anaitwa mwanachama hai, na mkutanoni namba yake ikisomwa anaitika, "Hai!" Mihuri ni namba mia mbili kumi na mbili. Aliipata akiwa na miaka kumi na tisa, siku aliyopeleka muhuri wa klabu, akaugonga mbele ya kamati nzima, ukasomeka IKUYN. Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi, wakamwambia, wewe huondoki hapa. Na kweli hakuondoka.

Ubishi wetu ulikuwa dukani kwangu, Jumamosi asubuhi, na mwamuzi wetu Mwalimu wa hesabu, mtu asiyeshabikia chochote isipokuwa kusahihisha wenzake.

"Mdogo wangu," Mihuri ananiambia, "kumshangilia tajiri ni kumshangilia jirani anapokula. Shibe ni yake."

"Lakini mimi nasikia harufu ya nyama, kaka. Nyinyi hata moshi hamna."

"Siku akichoka atauza mpaka nyavu za goli."

"Na sheria mpya ya matumizi mmeisahau," Mwalimu anaingilia. "Kwa kila mia inayoingia klabuni, sabini ndiyo mwisho wa mishahara. Tajiri hamwagi tena mfuko wake anavyotaka."

"Weee!" Mihuri anaruka, sabuni inanirukia. "Si saruji yake inajitangaza kwenye jezi yake, anajilipa mwenyewe bei anayotaka, halafu inaandikwa mapato? Anatoa mfuko wa kulia anatia wa kushoto, na wenye sheria wanatazama dari!"

"Wivu huo," namwambia. "Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Tulia nisikukate sikio."

Ndivyo tulivyoishi. Halafu akatokea tajiri wa mabasi, akataka kuinunua Nyuki. Ukaitishwa mkutano: theluthi mbili wakikubali, imeuzwa. Mihuri akaacha kucheka. Jioni moja, akiwa anafunga kibanda, aliniuliza taratibu, "Wakiiuza, mimi nitakuwa nani pale? Mteja?" Nikamshikia taa afunge kufuli.

Orodha ya wapigakura ikabandikwa nje ya ofisi ya klabu. Tukaenda wote kuitazama. Nikafuata kwa kidole: mia mbili na kumi, mia mbili kumi na moja, mia mbili kumi na mbili. Mbele yake, kwa wino mwekundu: MAREHEMU.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tukaja kugundua kwamba aliyefariki ni namba mia mbili ishirini na moja, kalamu imeteleza. "Kaka," nikamwambia, "wewe uliyeishi kwa kupindua herufi, leo namba imekupindua wewe!"

Tuliingia kwa katibu. Katibu akafungua daftari, akaangalia, akaniambia mimi, "Hapa inaonyesha amefariki. Marehemu haleti malalamiko. Yaletwe na familia."

"Lakini huyu hapa," nikasema.

"Familia ilete barua," katibu akaniambia tena mimi. Hakumtazama Mihuri hata mara moja. Nilidhani ni dharau ya wenye ofisi.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Kuanzia siku ile nikawa namwita Marehemu. "Marehemu, umeamkaje?" "Mpisheni Marehemu apite." Akikataa manukato baada ya kunyolewa namwambia maiti haulizwi sanda. Mtaa ukalidaka jina. Baada ya siku tatu hata muuza maji alikuwa anamwita hivyo. Mkewe, ambaye ni shemeji yangu wa kuniogesha kwa maneno, akanifuata hadi dukani.

"Shemeji, mdomo wako huo utakuzika."

"Aanze kaka, mimi nafuata," nikamjibu. Nilijiona mjanja.

Wiki ya pili akaja mama mmoja wa zahanati, mteja wake wa siku nyingi, kuleta pole. Alikaa kwa shemeji akilia kweli, kilio cha kamasi. Shemeji anamwambia, "Dada, ni utani wa kinyozi, mume wangu si huyo hapo?" Mihuri mwenyewe akamletea maji. Yule mama akapokea glasi, akanywa, akaendelea kulia. Hakumwangalia aliyempa. Akaondoka akisema Mungu amlaze pema.

Mihuri alinisimulia hayo akicheka, ila kicheko kiliishia mdomoni.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Akimwita mtu barabarani, mtu hageuki. Wateja walisimama mlangoni pake, wakachungulia, wakaenda zao, na yeye yuko ndani taa inawaka. Siku moja nilikuwa nimemfunika shuka langu jeupe la kunyolea, sabuni mpaka machoni, akaingia mgeni kuniuliza, "Samahani ndugu, yule mchonga mihuri wa hapa jirani alikufa lini?"

Nikasubiri Mihuri amjibu, angalau amtukane. Hata shuka halikupanda wala kushuka. Niliisogeza mashine shingoni pake nikiwa na hofu ya kugusa ngozi.

"Hajafa," nikasema.

"Haya, poleni," yule mgeni akasema, akatoka.

Lakini aliyenivunja ni Mwalimu. Jumamosi aliingia, akakaa kwenye benchi ubavuni mwa Mihuri, magoti yanakaribia kugusana, akakunjua gazeti. "Kinyozi," akaniambia, "sasa nani atatutetea Nyuki hapa?"

Nikacheka. "Mwalimu, umeanza na wewe?"

Akanitazama. Nimenyoa watu miaka ishirini na mbili, macho ya mtu anayetania nayajua. Yale hayakuwa ya utani. Na Mihuri akasema, kwa sauti ndogo, "Acha, mdogo wangu. Nimeshazoea. Mimi nataka kura yangu tu."

Jumapili ya mkutano nilimsindikiza. Barua ya shemeji ilikuwa mfukoni mwangu, na mimi nikajitia ni mdogo wake wa damu, shati la njano la Nyuki kwa juu na jezi ya Chuma kwa ndani, kifua kinanichoma kwa aibu. Mlangoni wakaniandika mgeni. Yeye hawakumwandika chochote. Alipita tu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, ukumbi umejaa huku mbele kwenye feni. Nyuma, ambako bati linavuja, viti vya plastiki vilipangwa mistari kadhaa, havina mtu. Sisi tulikaa katikati. Barua nilikuwa nimempa katibu, akaiweka chini ya daftari bila kuifungua.

Akaanza kusoma namba. "Moja." "Hai!" "Nne." "Hai!" Zenye wino mwekundu aliziruka. Mambo yakaenda vizuri, watu wanapepea karatasi, mpaka mia moja themanini na saba. Hiyo ilikuwa namba ya dereva wa basi la timu, tuliyemzika mwaka juzi. Katibu amesoma daftari lile miaka mingi, mdomo ukamteleza kwa mazoea.

"Mia moja themanini na saba."

"Haaai," sauti ikajibu kutoka nyuma, ikavutwa, halafu kikohozi cha sigara.

Ukumbi ukalipuka kicheko. "Kinyozi!" mtu akapaza sauti. "Kinyozi wa Chuma yumo humu! Acha ujinga!"

Ni haki yao kunishuku. Mimi naweza kumwiga kocha, mtangazaji wa redio, na mama mkwe wangu akihesabu chenji. Lakini midomo yangu ilikuwa imefungwa. Nikasimama, nikaapa, nikainua mikono kama mwizi. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka.

Katibu akafuta jasho, akaendelea. Namba mia na tisini ilikuwa na wino mwekundu, mama wa dirisha la tiketi. Akairuka makusudi, nikamwona. Akafungua mdomo kusoma inayofuata.

"Hai, mwanangu," ikasema sauti ya mama kutoka nyuma. Hakuna aliyemwita.

Safari hii hawakucheka. Kila aliporuka mstari, nyuma kuliitika. Hai. Hai. Sauti za chini, za watu wenye subira. Waliokaa mstari wa mwisho wenye watu wakaanza kusogeza viti mbele, taratibu, kama hawataki kuonekana wanasogea.

Katibu akafika kwenye ukurasa wetu. Akasoma mia mbili kumi na moja, akaitikiwa. Mia mbili kumi na mbili akairuka.

"Hai," ikasema nyuma.

Ilikuwa sauti ya Mihuri. Ile ya puani, ninayoisikia kila siku kupitia ukuta. Na Mihuri alikuwa ubavuni mwangu, midomo imebanwa, bega lake linagusa langu.

"Ni wewe?" akaninong'oneza. Alikuwa anataka niseme ndiyo. Ningekuwa na akili ningesema ndiyo.

"Si mimi, kaka. Wallahi si mimi."

Akafikiri kidogo. "Basi kuna mtu kule ana kura yangu," akasema, akanyanyuka.

Nikamshika shati. Akaitoa mikono yangu kidole kimoja kimoja, bila hasira, akatembea hadi nyuma kabisa chini ya bati linalovuja. Nilimwona anasimama kidogo mwisho wa mstari, anainamisha kichwa kama mtu anayesalimia, anasogea pembeni, anasogea tena. Halafu akakaa.

Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono. Mhesabuji alikuwa mama mmoja wa kamati asiye na mzaha hata siku ya harusi, anahesabu kwa kugusa kila kiti kwa kalamu. Wanaokubali kuuza: mia mbili na ishirini. Wanaopinga: akahesabu mbele, katikati, akaenda nyuma. Mimi kule nyuma niliuona mkono mmoja tu, wa kushoto, wa Mihuri. Yule mama akagusa kiti, akagusa kiti, midomo inatembea. Mahali fulani alisema, "Samahani," akajibana ubavu, akapita.

Akarudi mbele akaandika mia moja hamsini na moja.

Hata mimi wa darasa la sita najua kujumlisha. Mlangoni waliandikishwa wanachama mia tatu na kumi; toa waliokubali, wanabaki tisini. Kura zimetoka mia tatu sabini na moja. Theluthi mbili haikufika. Mwenyekiti akamuuliza yule mama kama ana hakika. "Nimehesabu mikono," akajibu. "Iliyonyooshwa ndiyo niliyohesabu." Mwenyekiti akasema basi tuhesabu upya. Hakuna aliyerudi kukaa. Watu walikuwa wanatoka kwa milango miwili na dirisha moja. Nyuki haikuuzwa. Tajiri wa mabasi alikuwa nje ndani ya gari, kioo kimepandishwa, akaondoka bila kuaga.

Mihuri alitoka wa mwisho. Nikamkuta juani anajifuta vumbi la suruali.

"Kaka, kule nyuma ulikaa na nani?"

"Hukuona?" Alinishangaa kweli. "Palijaa. Ilibidi wanisogezee kiti."

Katibu akaja mbio, daftari limefunguliwa, kalamu ya bluu mkononi, barua ya shemeji katikati ya kurasa. Sasa alikuwa anamwona vizuri sana. "Mzee wangu, nisamehe. Tulikosea. Nakurudisha hai sasa hivi, hapa hapa, tia sahihi."

"Tia, kaka," nikamwambia. "Tia twende nyumbani. Sikuiti tena lile jina, naapa kwa kazi yangu." Mimi, mtu nisiyebembeleza hata mteja, nilikuwa nambembeleza.

Mihuri aliitazama ile kalamu. Wala hakuwa na huzuni. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ya ligi.

"Upande huu tuko tisini," akasema. "Tisini hawazuii kitu." Akalifunga daftari kwa mkono wake wa kushoto, akamrudishia katibu. "Acha kama lilivyo. Mwakani watamleta tajiri mwingine, na mimi kule nimeshapata kiti."