Anayeiuliza Mashine Jina

Mama Mitambo, ndivyo hospitali nzima inavyomwita fundi wake wa kompyuta, hagusi kipanya. Kila programu mpya huijengea chumba chake ndani ya mashine kubwa, kwa amri anazoandika kwa vidole viwili, taratibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, ili ikiharibika iharibike peke yake. Na kabla ya kufuta chochote huiuliza mashine jina la mahali alipo, kisha husoma jibu kwa sauti.

Asubuhi hiyo programu ya dawa iligoma, na foleni ya wagonjwa ikafika getini. Mganga mkuu alisimama nyuma ya kiti cha fundi, macho kwenye saa. “Mama, futa chumba kizima, uanze upya! Mpaka uongee na bati kwanza?” Hakugeuka. Aliuliza, akasoma: “Mashine kubwa.” Mama Mitambo alidhani yumo chumbani, kumbe alikuwa bado nje, palipo na majalada ya wagonjwa wote. Mganga mkuu alishusha mkono wenye saa. Mama Mitambo akaingia chumbani, akauliza tena, akasoma: “Chumba cha dawa.” Ndipo akafuta.

“Haya, daktari,” alisema, bado hajageuka, “sasa nihimize.”