Mama Kulwa Mlangoni

Siku hiyo tulikuwa tunamenya karanga. Watoto walikaa barazani kwenye mkeka, kofia pana kichwani, kila mmoja akila nyingi kuliko alizotia kwenye ungo. Niliwagombeza kidogo, kisha na mimi nikala.

Kituo chetu kilikuwa nje kidogo ya Runzewe. Shirika letu la masista lilinituma huko nikitokea Songea, sijui hata neno moja la Kisukuma. Watoto tuliowalea walikuwa wenye ualbino. Wengi wao walikuwa na wazazi hai. Waliletwa kwetu kwa sababu nyumbani walikuwa wanawindwa. Miaka ile walikuwepo watu walioamini kwamba kiungo cha mtoto kama huyo, kikipita mikononi mwa mganga, humwonyesha mchimbaji mahali dhahabu ilipolala. Redioni hawakuiita vita. Sisi tuliokuwa tunalala na viatu miguuni hatukuwa na jina jingine la kuiita.

Mpishi wetu alikuwa Mama Kulwa, mjane, mwenye mabinti pacha, Kulwa na Doto, waliokaa kijijini kwa bibi yao. Ndiye aliyenifundisha kusalimia "mwangaluka" asubuhi, na siku niliyomsalimia hivyo jioni alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mwanamke mkali. Watoto walimwogopa, lakini jikoni kwake hawakubanduka.

Kila usiku sungusungu wa kijiji walikuja kutulinda na pinde zao. Mchana walikwenda mashambani kama watu wengine. Hakuna aliyefikiri kwamba adui angekuja jua likiwa utosini.

Pikipiki ilisimama nyuma ya ua wa minyaa. Wakashuka wanaume watatu. Mapanga hawakuyaficha.

Niliwasukuma watoto ghalani, nikaingia nao, nikakomea mlango. Walipanda juu ya magunia ya mahindi, wakanyamaza bila kuambiwa. Niliwatazama mmoja mmoja.

Minza hakuwemo.

Alikuwa msichana wa kama miaka saba, mpenda ukoko, na saa kama ile hukaa jikoni kuusubiri. Jiko lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nikachungulia dirishani.

Mmoja wa wale watu aliita kwa sauti ya upole kabisa.

"Minza! Njoo mama, ni mjomba."

Alikuwa mjomba wake kweli. Sikukuu ya Pasaka alikuja kumsalimia, akamletea miwa, nami nikamwandalia chai.

"Mjomba!" mtoto akaitikia, akatokeza kichwa.

Mama Kulwa alimrudisha ndani kwa mkono mmoja, akatoka yeye, akauvuta mlango nyuma yake. Mlango ule ulifungukia nje. Akauegemea.

"Mama, hatuna shida na wewe," mjomba alisema. "Pisha."

"Mtoto hatoki."

"Huyu ni damu yetu, si yako."

"Nimesema hatoki."

Kisha akapiga mwano, ule ukelele wa Wasukuma ambao kila anayeusikia hutupa jembe na kukimbilia ulikotoka.

Wakamkata.

Akapiga tena. Wakamkata tena.

Aliporomoka pale pale, mgongo ukiwa bado kwenye mlango. Walivuta, mlango haukufunguka. Wakaanza kumburuta kwa miguu, naye akashika mwimo.

Mashambani watu waliitikia mwano, upande huu na upande ule.

Wale watu wakakimbia. Mjomba aliteleza kwenye jaruba la mpunga, sungusungu wakamkamata. Wenzake wawili hawajapatikana mpaka leo.

Nilipofika nilimkuta Mama Kulwa macho wazi.

"Yupo?"

"Yupo," nikamwambia.

Hakuuliza kingine. Alikata roho kwenye gari, kabla hatujafika hospitali. Nilikuwa nimempakata.

Kwenda kwa bibi yao Kulwa na Doto kutoa habari nilikwenda mwenyewe. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sista, sasa hawa wawili nitawalisha nini?" Tukawachukua. Kulwa alizoea. Doto alikataa kula meza moja na Minza. Hakumtukana wala kumpiga, alihamisha sahani yake tu, kila mlo, mwaka mzima. Alipopata kimo aliondoka akaelekea machimboni upande wa Geita, akawa anapikia wachimbaji. Nilimtafuta mara mbili. Mara ya pili alinisalimia vizuri, akanipa soda, akaniomba nisije tena.

Sisi nasi tulihamishwa. Watoto walipelekwa kituo kikubwa chenye ukuta mrefu na askari getini. Huko hakuna aliyeguswa. Lakini wazazi waliacha kuja, mmoja baada ya mwingine, na wapo watoto waliokua bila kujua ng'ombe wa baba yao wanafananaje. Watu huniambia tulishinda, kwa kuwa Minza yu hai. Siwabishii. Ila nimewahi kuona nyumba ya bibi baada ya msiba ule, na siwezi kulitamka neno hilo.

Minza sasa ni mtu mzima, anasomea ualimu. Likizo iliyopita alikuja kunitembelea, tukawa tunaanua nguo kabla ya mvua. Akaniuliza bila kunitazama:

"Sista, kama nisingekuwa jikoni siku ile, Mama Kulwa angekimbia?"

Nilikunja shuka niliyoshika. Nilifikiria kumdanganya.

"Angekimbia," nikasema. "Alikuwa na watoto."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa analijua jibu siku nyingi na aliyetaka tu mwenzake alitamke. Matone yalianza kudondoka. Tukaendelea kuanua.